Bafa Nzito kwenye Karabini: Soma Dalili Kabla ya Kununua Uzito

Swali la kwanza huwa hili: "Karabini yangu inapiga teke sana, niweke bafa ya uzito gani?" Baada ya wiki mbili mtu yule yule anarudi na la pili: "Nimeweka bafa nzito, sasa risasi zikiisha bolti haibaki nyuma. Tatizo nini?" Kati ya maswali hayo mawili kuna pesa iliyokwenda bure, na mara nyingi kuna bunduki iliyokuwa na ugonjwa mwingine kabisa, ambao bafa imeufunika tu.

Mwongozo huu ni wa karabini (bunduki za mtutu mfupi) za familia ya AR-15, zile zilizotokana na usanifu wa Eugene Stoner alipokuwa ArmaLite miaka ya 1950. Bafa ni kile kipande cha uzito kinachoipokea bolti (chuma kinachofunga chemba) inaporudi nyuma; pamoja na springi yake hukaa ndani ya bomba lililo kwenye kitako. Karabini za risasi za bastola za 9 mm zisizotumia gesi, na bunduki kubwa za .308, zina bafa zao na hesabu zao. Usichukue namba za hapa ukazipeleka huko.

Kabla ya kugusa kitu chochote: toa magazini, vuta bolti nyuma, tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe ni tupu. Risasi zote zikae chumba kingine. Vaa miwani ya kinga, maana springi ya bafa ina nguvu ya kutosha kurusha bafa usoni. Na kama leseni yako au sheria ya mahali ulipo inataka vipuri vibadilishwe na fundi aliyesajiliwa, basi kazi yako ni kusoma dalili na kumweleza. Mikono iwe ya fundi.

Bafa inafanya nini hasa

Risasi ikifyatuka, sehemu ya gesi hupita kwenye tundu dogo la mtutu, ikasafiri kwa mrija mwembamba hadi kwenye kibeba bolti na kukisukuma nyuma. Kibeba kinazungusha bolti, bolti inafunguka, ganda linachomolewa na kurushwa nje, na safari nzima inamalizikia kwenye bafa na springi, ambazo huirudisha bolti mbele ikiwa na risasi mpya.

Bafa nzito huchelewesha mwanzo wa safari hiyo na kuipunguza kasi. Basi. Haipunguzi gesi hata chembe. Ucheleweshaji huo una faida ya kweli: shinikizo ndani ya chemba linapata muda wa kushuka kabla ganda halijavutwa, kwa hiyo ganda linatoka kwa upole zaidi na bunduki inatulia. Lakini kama gesi ni kidogo tangu mwanzo, uzito ulioongeza ni sawa na kumtwisha mgonjwa gunia.

Bafa ya kawaida ya karabini ina takriban gramu 85, yaani aunsi 3. Ndani yake mna vipande vitatu vya chuma vinavyoteleza, vikitenganishwa na visahani vya mpira. Ukibadilisha kipande kimoja kwa tangisteni, metali nzito kuliko chuma, unapata H, gramu 108 hivi. Viwili, H2, takriban gramu 130. Vyote vitatu, H3, takriban gramu 153. Umbo la nje ni lile lile, urefu wa milimita 83 hivi.

Fanya hesabu ndogo. Kibeba kamili na bolti yake huwa na gramu 330 hivi. Ukijumlisha bafa ya kawaida, mzigo unaotembea ni kama gramu 415. Ukiruka moja kwa moja hadi H3 umeongeza gramu 68, ambazo ni kama asilimia 16 ya mzigo mzima. Kwa mtambo ambao kila kitu chake kinategemea muda, hicho si kiasi cha kubahatisha.

Vipimo vya kwanza, kabla ya kufungua chochote

Kila dalili inayofuata inaanzia hapa, kwa hiyo usiruke.

Jaribu magazini nyingine mbili au tatu ambazo unajua ni nzima. Andika namba kwa kalamu ya rangi kwenye kila magazini ili ujue ipi ilikuwa ndani tatizo lilipotokea. Makosa mengi yanayodaiwa ni ya bafa huhama pamoja na magazini.

Jaribu risasi za aina nyingine. Risasi nyingi za .223 Remington za mazoezi ni dhaifu kuliko za 5.56x45 mm, na bunduki iliyo kwenye mpaka itakwama na hizi na kufanya kazi na zile. Ila kumbuka: .223 huingia salama kwenye mtutu wa 5.56, lakini 5.56 haiingizwi kwenye mtutu ulioandikwa .223 Remington pekee. Soma maandishi yaliyo kwenye mtutu wenyewe.

Weka mafuta. Kibeba kina njia ndefu zinazosuguana na bodi ya juu. Zinapaswa kung'aa kwa unyevu wa mafuta. Bunduki kavu hufanya kila kitu ambacho bunduki yenye gesi kidogo hufanya. Usiweke mafuta ndani ya chemba wala kwenye mdomo unaopokea gesi.

Halafu, kwenye uwanja wa kulengea shabaha, fanya kipimo cha risasi moja. Weka risasi moja tu kwenye magazini, ingiza kwenye chemba, piga. Bolti inatakiwa ibaki nyuma. Rudia mara tano au sita, ukishika bunduki imara begani. Wakati huo huo muulize mwenzako aliye nyuma yako maganda yanaangukia wapi. Hesabu kwa uso wa saa: mbele ya mtutu ni saa 12, kulia kwako ni saa 3. Maganda yanayoangukia kati ya saa 3 na saa 4 na nusu kwa kawaida ni dalili njema. Yakiruka kwa nguvu kuelekea saa 1 au 2, bolti ina kasi mno. Yakidondoka kinyonge saa 5 karibu na mguu wako, bolti inachoka njiani. Hii ni ishara, haitoshi kuwa hukumu: springi ya kisukumio cha ganda, ndoano ya kuchomolea na ile nundu iliyo nyuma ya dirisha la kutokea maganda vyote hupindisha mwelekeo. Maganda yakitua saa 2 lakini bunduki haina tatizo jingine lolote, iache.

Dalili: teke kali, maganda yanaruka mbele, gesi inakupiga usoni

Hii ndiyo dalili ambayo bafa nzito inaisaidia kweli.

Sababu inayoongoza ni gesi nyingi kutokana na muundo. Mfumo wa gesi wa karabini una urefu wa milimita 178 hivi. Uliundwa kwa mitutu mifupi, na M4 yenyewe, karabini ya kijeshi, ina mtutu wa milimita 368. Wauzaji wengi huuweka kwenye mtutu wa milimita 406, ambapo risasi inakawia zaidi ndani ya mtutu baada ya kulipita tundu la gesi, na mtambo unazidi kusukumwa. Juu ya hapo, watengenezaji hupenda tundu kubwa ili bunduki ifanye kazi hata na risasi dhaifu kabisa. Mfumo wa kati, wa milimita 229 hivi, kwenye mtutu huo huo huwa mpole kwa asili, na mara nyingi hauhitaji zaidi ya H.

Sababu ya pili ni springi iliyochoka. Watu huisahau kwa sababu haionekani. Itoe uipime ikiwa imelala huru mezani: springi ya karabini inapaswa kuwa kati ya milimita 256 na 286 hivi. Ikiwa fupi kuliko hapo, ibadilishe kabla ya kufikiria bafa. Springi mpya huwatosheleza wengi waliokuwa tayari wameshika H2 mkononi.

Ya tatu ni kizima sauti, pale kinaporuhusiwa. Kinarudisha gesi nyuma, na bunduki iliyokuwa sawa bila hicho inakuwa na kasi ya ziada.

Ukishaondoa hayo, panda ngazi moja moja. Kutoka bafa ya kawaida nenda H. Piga risasi hamsini za aina dhaifu kuliko zote unazokusudia kutumia, bunduki ikiwa chafu kidogo, na rudia kipimo cha risasi moja. Ikipita bila kukosa na bado maganda yanaruka mbele, nenda H2. Wengi wenye mfumo wa gesi wa milimita 178 huishia H au H2. Nasisitiza risasi dhaifu na bunduki chafu kwa sababu H3 iliyofanya kazi vizuri siku ya joto, bunduki ikiwa imetoka kusafishwa, ndiyo inayokwama asubuhi ya baridi mafuta yakiwa mazito.

Kama hata H3 haijatuliza kitu, acha kuongeza uzito. Hapo gesi imezidi kiasi ambacho bafa inaweza kukibeba, na dawa ni bloku ya gesi (kile kipande kinachofunika tundu la gesi juu ya mtutu) inayorekebishika, ambayo hupunguza gesi pale pale inapoanzia. Hiyo ni kazi ya fundi kama hujawahi kutoa bloku ya gesi.

Dalili: bolti haibaki nyuma, au bunduki inapiga risasi moja na kusimama

Hapa ndipo watu huumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama dalili imeanza siku uliyoweka bafa nzito, jibu liko mkononi mwako: rudisha ya zamani, fanya kipimo cha risasi moja. Ikipona, shuka ngazi moja ukae hapo. Hakuna aibu kurudi kwenye bafa ya kawaida. Wapo wenye bunduki ambazo hazikuhitaji kitu kingine tangu zitoke kiwandani.

Kama tatizo lilikuwepo hata kabla ya bafa, fuata mpangilio huu. Magazini kwanza: kile kisukuma risasi cha ndani ndicho kinachoinua kizuio cha bolti, na kikilegea au kikilalia upande, bolti itapita. Bonyeza kizuio kwa kidole huku ukivuta bolti nyuma, bunduki ikiwa tupu. Kikishika kwa kidole na kisishike kwa magazini fulani, magazini ndiyo mbaya.

Kisha tafuta gesi inayovuja. Mwaka fulani nililetewa karabini iliyokuwa inakwama kila risasi ya nne au ya tano. Mwenyewe alikuwa ameshauriwa na muuzaji aweke H3, eti "bunduki itatulia". Nilitoa kibeba nikakishika kwenye mwanga. Juu yake kuna kile kipokeo cha gesi kilichofungwa kwa skrubu mbili. Kibeba chote kilikuwa na masizi ya kijivu, ya kawaida tu, lakini kutoka chini ya kipokeo, upande wa kushoto, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama wanja, umechirizika hadi ubavuni. Nilikishika kipokeo kwa vidole viwili nikakisukuma. Kilisogea. Kidogo sana, kama jino la mtoto linapoanza kulegea, lakini kilisogea. Bunduki ilikuwa inapoteza gesi pale kila ilipopigwa, na juu ya udhaifu huo ikaongezwa gramu 68 za kubeba.

Skrubu hizo hukazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 5.6 hadi 6.5 hivi, kisha chuma cha pembeni hugongwa ili kiingie kwenye meno ya skrubu zisilegee. Ukiona skrubu hazijagongwa, au alama za kugongwa ni hafifu kama mikwaruzo tu, mpelekee fundi. Kukaza kwa mkono na kuendelea kupiga ni kuahirisha.

Uvujaji mwingine huwa kwenye bloku ya gesi, chini ya kinga ya mtutu. Safisha eneo hilo, piga risasi kumi, tazama. Masizi kidogo kwenye bunduki mpya ni kawaida na mara nyingi hujiziba yenyewe. Bloku iliyosogea mbele hata milimita moja au mbili, au iliyopinda upande, inafunika tundu na kubana gesi. Ukitazama alama ya mviringo kwenye mtutu utaona kama imetoka mahali pake.

Halafu pete za gesi za bolti, tatu ndogo nyembamba. Kipimo chake ni rahisi: vuta bolti mbele ndani ya kibeba, simamisha kibeba mezani kikiegemea uso wa bolti. Uzito wa kibeba usiweze kuizamisha bolti. Kikishuka chenyewe, badilisha pete. Zamani watu waliambiwa wahakikishe mianya ya pete haijapangana mstari mmoja. Usipoteze muda wako hapo, pete zenyewe ndizo muhimu.

Sababu ya nadra zaidi ni tundu la gesi dogo mno. Hili lisikushawishi uchukue dirili. Tundu likishapanuliwa halirudi, na upana wa sehemu ya kumi ya milimita unabadilisha bunduki nzima. Fundi mwenye vifaa vya kupimia, au usiguse.

Dalili: bolti inapita juu ya risasi, au inafunga chemba tupu

Dalili hii inadanganya, kwa sababu magonjwa mawili yanayopingana huleta picha moja.

La kwanza: bolti haikufika nyuma vya kutosha. Inarudi mbele ikiwa haijapita kitako cha risasi, inaikamata risasi tumboni na kuacha mbonyeo katikati ya ganda, au inafunga bila kuchukua kitu. La pili: bolti ilifika nyuma na kurudi kwa kasi kubwa kiasi kwamba springi ya magazini haikuwahi kuinua risasi inayofuata. Ukimwongezea wa kwanza bafa nzito unamzidishia ugonjwa. Wa pili unamponya.

Kwa hiyo tenganisha kwanza. Tazama maganda: yakidondoka kinyonge nyuma, ni wa kwanza. Yakiruka mbele kwa nguvu, ni wa pili. Jaza magazini risasi tano badala ya kuijaza hadi juu, kisha nyingine uijaze kabisa. Mwenye kasi kubwa hulalamika zaidi pale springi ya magazini inapokuwa dhaifu au yenye mzigo mkubwa wa kuinua. Badilisha springi ya magazini, tazama kama nafuu inapatikana. Kipimo cha mwisho ni kuazima H kwa siku moja. Tatizo likipungua, gesi imezidi. Likiongezeka, rudi juu kwenye sehemu iliyotangulia na uanze na kipokeo cha gesi.

Ile hali ya ganda kusimama wima kwenye dirisha, bolti ikilibana, mara nyingi ni ya ugonjwa wa kwanza, au springi ya kisukumio imechoka. Ni ya haraka kushughulikia.

Dalili: ganda linabaki kwenye chemba, au ukingo wake umechanika

Okota maganda. Kweli, pinda mgongo uyaokote, maana ganda ni shahidi bora kuliko kumbukumbu yako. Tazama ukingo wa nyuma ambapo ndoano hushika. Ukingo uliopinda nje kama mdomo wa kopo lililofunguliwa vibaya, au uliokatika kipande, maana yake ndoano ilivuta ganda likiwa bado limevimba na kung'ang'ania kuta za chemba.

Chemba chafu ndiyo sababu ya kwanza. Brashi ya chemba, dakika tano. Springi ya ndoano iliyochoka ni ya pili. Ile nzuri huwa na kipande cha mpira ndani yake, na karabini nyingi hupata nafuu kwa kuongezwa kipete cha mpira nje ya springi. Ya tatu ni bolti kufunguka mapema kutokana na gesi nyingi, na hapa bafa nzito ina nafasi yake halali, H au H2, kwa sababu inalipatia ganda muda wa kunywea. Ya nne ni chemba yenye mikwaruzo au vipimo visivyo sahihi.

Ganda likikwama, usitie fimbo ya kusafishia kabla hujahakikisha kwa macho kwamba lililokwama ni ganda tupu. Risasi nzima iliyokwama ndani ya chemba haigongwi kwa fimbo kutoka mbele. Iache, elekeza mtutu mahali salama, mwite fundi au msimamizi wa uwanja.

Dalili: bolti haifungi kikamilifu

Mara nyingi ni uchafu, ukavu, au risasi yenye ganda lililobonyea. Mara nyingine ni springi ya bafa iliyochoka, na wengine huiona bafa nzito kama dawa kwa sababu ina msukumo zaidi ikirudi mbele. Inasaidia kweli kidogo, lakini springi mpya inasaidia zaidi. Usizoee kuisukuma bolti ifunge kwa nguvu. Risasi isiyotaka kuingia ina sababu yake.

Dalili: kelele, alama za kugonga, bafa isiyotikisika

Sauti ya springi kulia sikioni, kama waya unaovutwa, haina madhara. Paka springi grisi kidogo.

Tikisa bafa karibu na sikio. Bafa nzima hugonga kwa ndani, kwa sababu vipande vinavyoteleza ndivyo vinavyozuia bolti kudunda inapofunga. Bafa iliyo kimya kabisa, au inayovuja vumbi la tangisteni, ibadilishe. Tazama pia ncha ya mpira ya nyuma: ikipasuka, bafa inagonga chuma kwa chuma mwisho wa bomba.

Sasa hili ndilo linaloharibu bunduki kwa siku moja. Bafa fupi ya karabini ikiwekwa kwenye bomba refu la bunduki ndefu, kibeba kinasafiri nyuma kupita kiasi na kile kipokeo cha gesi kinagonga ukuta wa nyuma wa bodi ya chini. Kuna pia bomba la urefu wa kati, lenye bafa ndefu yake na springi ya bunduki ndefu, na watu huchanganya vipuri vyake na vya karabini. Kabla ya kupiga hata risasi moja na bafa mpya, bunduki ikiwa tupu, vuta bolti nyuma kabisa kwa mkono na utazame. Kibeba kisimamishwe na bafa. Kipokeo kisikaribie ukuta. Ukiona alama ya kung'aa au mbonyeo kwenye aluminiamu hapo, acha.

Angalia pia kipini kidogo kinachozuia bafa isitoke. Bunduki ikiwa imefungwa, kibeba kinatakiwa kuisukuma bafa nyuma kidogo ili isiegemee kipini hicho. Bafa ikikaa juu ya kipini muda wote, kipini hupinda au kukatika, na kipande chake kikiangukia kwenye mtambo wa triga unaweza kupata kila aina ya balaa.

Jambo moja wakati wa kutoa bafa: bonyeza kipini kwa kidole huku gumba likiizuia bafa isiruke. Nyundo ikihitaji kushushwa ili bafa ipite, ishike kwa mkono uishushe polepole. Usivute triga ukaiacha nyundo ijipige kwenye bodi ya chini iliyo wazi. Itaharibu kizuio cha bolti au bodi yenyewe.

Hapa unasimama, hakuna kujaribu tena

Mlio hafifu usio wa kawaida, kama "pof", au teke dogo kupita kawaida: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu. Usipige nyingine. Toa magazini, toa kila kitu kwenye chemba, na mtutu ukaguliwe kabla ya risasi nyingine yoyote.

Bunduki ikitoa risasi mbili kwa kuvutwa triga mara moja: toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, weka chini. Hilo ni suala la triga na nyundo, si la bafa, na katika nchi nyingi bunduki ya namna hiyo inaweza kukutia matatani kisheria hata kama ni hitilafu. Ipeleke kwa fundi aliyesajiliwa siku hiyo hiyo.

Fataki (vile visahani vidogo vya kuwashia vilivyo kwenye kitako cha ganda) zilizotobolewa au zilizobonyea na kutambaa kama chapati, maganda yaliyovimba juu ya ukingo, ufa kwenye meno ya bolti au kuzunguka tundu katikati ya bolti, gesi inayotoka kwa ukali kwenye magazini: yote ni ya fundi. Hakuna uzito wa bafa unaotibu hata kimoja kati ya hivyo.

Unapompelekea fundi, pitisha kwake vitu hivi: maganda kumi ya mwisho ndani ya mfuko, pamoja na lile lililokwama, magazini iliyokuwa ndani, kasha la risasi ulizotumia, bafa ya zamani na mpya zote mbili, na karatasi iliyoandikwa urefu wa mtutu, urefu wa mfumo wa gesi, na mahali maganda yalipoangukia. Bila hivyo ataanza kukisia. Akiwa navyo, mara nyingi atajua pa kuanzia kabla hajaifungua bunduki.